Risala kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kufungua Chumba cha Mazoezi ya Upasuaji, Nairobi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Profesa wetu;
Mkuu wa Idara;
Walimu wetu, wauguzi wakuu wa thieta na wa wodi;
Mafundi wetu kutoka Kamukunji;
Mabibi na mabwana,

Kwa niaba ya wenzangu, karibu sana. Barabara ya Ngong asubuhi ya Jumamosi, mvua ikinyesha, haimhurumii mtu hata akiwa profesa mstaafu, na bado umefika kabla ya baadhi ya wenyeji wako. Walimu wetu walituambia kwamba hata kwenye raundi za wodi ndivyo ulivyokuwa: aliyechelewa alikukuta kitanda cha tatu.

Kikundi chetu ni cha watu wanaokutana thieta. Wamo madaktari wanaosomea ubingwa wa upasuaji, maafisa wa kliniki wanaotoa nusukaputi, na wauguzi wa thieta. Tunachanga kila mwezi kama chama kingine chochote cha hapa mjini, ila pale ambapo wengine wangenunua ploti Kitengela, sisi tulinunua kamera. Matunda ya michango hiyo ndiyo chumba utakachokifungua leo.

Mgeni Rasmi, masanduku utakayoyaona mezani ni ya kujifunzia upasuaji wa matundu madogo, ule wa kupitisha kamera na vyombo virefu tumboni bila kulipasua tumbo lote; yamekatwa kwa bati na mafundi wa jua kali. Juu yametobolewa, na matundu yakafunikwa kwa mpira wa tyubu ya gari ili vyombo vipite kwa shida kidogo, kama vinavyopita kwenye ngozi ya tumbo. Kamera na nyaya zake zilipatikana Luthuli Avenue. Vyombo ni vile vilivyostaafishwa thieta kwa sababu ncha zake zimechoka. Nyama ya kushonea, hasa matumbo ya mbuzi, tunaitoa Burma, na muuzaji wetu siku hizi anauliza kwanza kama ni ya supu au ya shule, maana bei si moja. Ya shule ndiyo ghali. Hatujajua kwa nini.

Mazoezi ya kwanza ni kuchukua punje ya harage na kuitia kwenye kifuniko cha soda, ukitazama televisheni. Anayeanza hushangaa. Chombo kinaegemea kwenye tundu, kwa hiyo mkono ukienda kulia, ncha inakwenda kushoto, ukiinua, inashuka. Tena picha ni bapa, hujui harage liko mbele ya kifuniko au nyuma yake mpaka uliguse. Tumeona madaktari wenye miaka ya kazi, wanaopasua jipu na kufunga mfupa bila wasiwasi, wakiloa jasho kwa harage moja. Afadhali jasho hilo limwagike hapa, maana mgonjwa hapaswi kuwa daftari la mtu anayejifunza herufi.

Upasuaji huu wa matundu madogo si mgeni tena duniani. Erich Mühe, daktari wa Ujerumani, alitoa kibofu cha nyongo kwa njia hiyo mwaka 1985, wenzake wakamdharau, na haikupita miaka mingi ikawa ndiyo njia ya kawaida katika nchi tajiri. Huku kwetu bado watu huiona kama anasa ya hospitali za kulipia. Sisi tunaona kinyume. Mtu mwenye bima na mshahara anaweza kukaa nyumbani wiki kadhaa akiuguza kidonda kirefu. Mama anayeuza nguo Gikomba hana wiki za kutoa; kibanda kikifungwa siku chache, wateja wamehamia kwa jirani. Huyo ndiye anayehitaji zaidi kidonda kidogo na kurudi nyumbani kesho yake. Kinachomzuia mara nyingi ni mashine iliyoharibika taa au bomba la gesi ya kupanulia tumbo na hakuna fundi wa vifaa tiba wa kuitengeneza, ikakaa pembeni imefunikwa shuka la kijani.

Tusije tukaonekana tumekuja kulalamika tu, Profesa. Mwezi Novemba 2016, katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, mapacha walioungana sehemu ya chini ya mgongo walitenganishwa kwa upasuaji uliochukua takriban saa 23. Mwanzoni mwa 2018, katika hospitali hiyo hiyo, kijana aliyekatwa mkono kabisa aliunganishwa mkono wake. Kazi hizo zilifanywa na mabingwa waliofunzwa na kukaa hapa hapa, na baadhi yao wameketi mbele yangu wakijifanya hawasikii.

Mafunzo nayo yamebadilika. Zamani njia ilikuwa moja: chuo kikuu, miaka ya shahada ya uzamili, na hospitali kubwa ya rufaa. Tangu 1999 kimekuwapo chuo cha madaktari wa upasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini, COSECSA, chenye makao yake Arusha. Hakina kumbi za mihadhara. Daktari anajifunza katika hospitali anakofanyia kazi, hata ikiwa ya misheni au ya kaunti, chini ya bingwa aliyeidhinishwa, kisha wote wanakutana kwenye mtihani mmoja. Na wale wanaosema kila tunayemfunza anapanda ndege, utafiti uliochapishwa 2017 kuhusu mabingwa waliohitimu katika ukanda huu ulikuta kiasi cha asilimia 85 wakiwa bado katika nchi walikosomea. Wamebaki nchini. Kwamba wengi wamebaki mijini ni mashtaka mengine, na humo sisi wa Nairobi tutakiri.

Kuna pia werevu wa kwetu ambao hausemwi vya kutosha. Mwaka 2016 yalichapishwa matokeo ya utafiti kutoka mashariki mwa Uganda: wanaume 302 wenye ngiri walishonewa wavu wa kuimarisha nyama, nusu yao wavu wa dukani, nusu wavu wa chandarua uliosafishwa na kuuawa vijidudu kitaalamu. Baada ya mwaka mmoja, tofauti kati ya makundi mawili ilikuwa haionekani, ila bei zake hazikaribiani kabisa. (Kwa wenzetu wa mwaka wa kwanza: si chandarua cha kitandani kwako, tafadhali.)

Sasa, Mgeni Rasmi, turuhusu tukae kidogo kwenye jambo linalotunyima usingizi.

Mwaka 2018 ulitoka utafiti mkubwa uliofanywa katika hospitali 247 za nchi 25 za Afrika, ukiwafuata wagonjwa zaidi ya 11,000. Wagonjwa hao walikuwa na umri mdogo kuliko wastani wa dunia, na wengi wao hawakuwa na maradhi mengine mwilini. Matatizo waliyopata baada ya kupasuliwa, kama vidonda kuoza na damu kuvuja, hayakuzidi sana ya kwingineko. Hata hivyo walikufa mara mbili ya wastani wa dunia, na karibu vifo vyote vilitokea baada ya upasuaji, mgonjwa akiwa ameshatoka mezani. Kwa akina mama waliojifungua kwa upasuaji hali ilikuwa ya kutisha zaidi: vifo mara 50 ya vile vya nchi tajiri, damu na matatizo ya nusukaputi yakiwa miongoni mwa sababu kubwa.

Maana yake ni kwamba mkono unaokata si mbaya. Mgonjwa anatupotea usiku, wodini, wakati sisi tumeshavua glavu.

Ukitaka kuliona jambo hili, usiende thieta. Chukua faili la mgonjwa aliyepasuliwa jana, katika wodi nyingi tu za nchi hii, ufungue ukurasa wa vipimo. Mapigo ya moyo yanapanda na kushuka. Presha inabadilika. Ukifika kwenye safu ya kupumua utakuta 20, 20, 20, 20, toka saa mbili usiku hadi alfajiri, kwa kila mgonjwa wa safu nzima ya vitanda. Hakuna aliyehesabu. Na kupumua ndiko huanza kubadilika mtu anapoelekea pabaya, kabla hata presha haijashuka. Daktari wa asubuhi hukasirika, humgombeza muuguzi. Lakini muuguzi huyo alikuwa peke yake na wodi nzima, na kuhesabu pumzi za mtu mmoja dakika kamili kunataka dakika kamili. Piga hesabu ya vitanda uone kama usiku unatosha.

Wapo waliodhani dawa yake ni maelekezo. Matokeo ya jaribio lililofanywa katika hospitali 332 za nchi 28 za Afrika yalichapishwa 2021. Nusu ya hospitali ziliagizwa kuwaangalia kwa karibu wagonjwa walio hatarini zaidi: wapimwe mara nyingi, walazwe wanapoonekana kutoka dawati la wauguzi, jamaa waruhusiwe kukaa nao, mwongozo uwekwe kando ya kitanda. Vifo havikupungua. Sisi hatukushangaa. Ukimwagiza mtu mmoja aliyeelemewa aangalie zaidi, umempa karatasi nyingine ya kujaza.

Lakini hatutaki mtu atoke hapa akidhani karatasi haina kazi. Orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani, ya mwaka 2008, ina mambo 19 tu ya kuulizana kwa sauti: kabla ya nusukaputi, kabla ya kisu, na kabla mgonjwa hajatolewa thieta. Huyu ni nani, anapasuliwa wapi, antibayotiki amepewa, pamba zimehesabiwa. Ilijaribiwa katika hospitali nane duniani, mojawapo ikiwa Ifakara, Tanzania, na vifo vikashuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Thieta ina watu wanne watano wa kuulizana. Wodini usiku, muuguzi amuulize nani?

Kuhusu idadi ya mabingwa tutasema kwa ufupi, kwa sababu wewe mwenyewe umelisema kwa miaka. Tume ya jarida la tiba la Lancet, ya mwaka 2015, ilipendekeza kila nchi ifikishe mabingwa 20 wa upasuaji, uzazi na nusukaputi kwa kila watu 100,000 ifikapo 2030. Kwa Wakenya milioni 47.6 waliohesabiwa 2019, hao ni zaidi ya 9,500. Hatuko karibu. Na wa nusukaputi ndio wachache kuliko wote, ndiyo maana maafisa wa kliniki walio kwenye kikundi hiki wanabeba mzigo mkubwa na kutajwa mwisho. Leo tumewataja mapema makusudi.

Ziko shida za mafunzo ambazo tutazipita haraka. Mwenzetu anayejilipia karo anafanya zamu ya usiku bila mshahara, kisha anatafuta zamu nyingine ya kulipwa ili ale. Dada zetu bado wanaulizwa kwenye mahojiano kama wamepanga kuzaa. Mwalimu wetu bingwa ana orodha ya wagonjwa kliniki, orodha thieta, na jioni kazi zake za binafsi; saa ya kumshika mkono mwanafunzi haimo kwenye ratiba yoyote iliyoandikwa, inatoka kwenye hisani yake. Na wodi za mifupa zimejaa waliovunjika kwa bodaboda, hata kesi za kupangwa zinasukumwa wiki kwa wiki, mwanafunzi akimaliza mzunguko wake hajaona ngiri za kutosha.

Tunayokuomba, kwa kuwa unaketi kwenye bodi, ni haya.

La kwanza na kubwa: vipimo vya oksijeni vya kubana kidoleni viwekwe wodi za waliopasuliwa na chumba cha kuzindukia, na betri zake zinunuliwe kwa bajeti, siyo kwa mchango wa wauguzi. Pamoja na hivyo, muuguzi wa pili wa usiku. Tukilazimika kuchagua kati ya mashine na muuguzi, tunamchagua muuguzi, na tumekubaliana hivyo sote, hata sisi tunaopenda mashine.

La pili, nusu siku moja kila wiki iandikwe rasmi kuwa ya kufundisha, chumba hiki kitumike, na wauguzi wa wodi waje pia. Tumetenga meza moja isiyo na kisu: hapo watu watafanyia mazoezi ya mgonjwa anayebadilika saa nane usiku, nani anapigiwa simu, anaambiwa nini, na asipopokea anapigiwa nani.

La tatu, fundi wa vifaa tiba aajiriwe.

Tumesikia pia minong'ono ya kununua roboti. Hatuipingi, tunajua kwamba mwaka 2001 madaktari walioketi New York walimtoa kwa roboti kibofu cha nyongo mgonjwa aliyelala Strasbourg, Ufaransa, na tungependa sana kushika vile vishikio. Ila tunaomba foleni iheshimiwe, na betri za vipimo ziko mbele.

Shukrani zetu ni kwa wote waliochanga, kwa mafundi walioturudishia mabati mara kadhaa mpaka matundu yakakaa sawa, na kwa mkuu wa idara aliyetupa chumba kilichokuwa stoo ya vitanda vibovu. Vitanda vyenyewe viko kwenye korido ya nyuma, tunatafuta mtu wa kuvichukua.

Profesa, sasa tunakuomba ukate utepe kisha uketi kwenye sanduku la kwanza. Glavu za saizi yako tumeuliza nyumbani kwako, ziko mezani. La pili kamera yake imelegea, usilijaribu. Maharage yamo kwenye bakuli la kijani, na vijana wa mwaka wa kwanza wamekwisha kuwekeana dau la chai kuhusu muda utakaotumia.

Ahsante kwa kutusikiliza.

Ni sisi wanakikundi,
Nairobi