Meli Mbili Zilizorudishwa

Kibokoni, Mombasa
Jumapili usiku

Somo yangu Zuhura,

Assalaam alaykum. Bizari imefika na barua imefika, vyote Alhamisi jioni. Baba ndiye aliyevipokea mlangoni, maana hawezi kusikia hodi asiinuke, hata kwa goti lile. Amekwisha kuniuliza mara mbili kama halua haikuwamo.

Barua nimeisoma kwa raha mpaka nikafika pale mlipokuwa mkibishana barazani, ukawaambia kuwa nchi zetu wakati ule zilikuwa nyasi tu, na Mmarekani na Mrusi ndio fahali wawili. Hapo nikaiweka chini. Methali hiyo imetuharibu, somo. Kila mkubwa aliyefanya lake miaka ile amejificha ndani ya nyasi hizo. Nyasi haziagizi silaha, wala hazizirudishi zikifika.

Umeuliza kama Baba aliiona meli ya Warusi. Aliiona.

Ilikuwa Aprili 1965. Baba alikuwa karani wa kuhesabu mizigo pale Kilindini, kijana wa miaka 24, penseli sikioni na ndoa ya miezi mitano. Meli yenyewe ikiitwa Fizik Lebedev, lakini jina hilo alikuja kulijua baadaye, maana ubavuni liliandikwa kwa herufi za kwao. Anachokumbuka yeye ni N moja iliyogeuzwa, kama N iliyosomwa kwenye kioo, akadhani mpaka rangi amekosea. Miaka 60 imepita na bado akiisimulia huichora hewani kwa kidole, kisha huitazama kana kwamba imebaki pale. Kabla ya chai ya saa nne habari zilikuwa zimetapakaa gatini: ina silaha ndani. Vibarua wakafurahi. "Silaha ni chuma," Baba asema, "na chuma ni kizito, na mzigo mzito ni siku nyingi." Watu walikuwa wakipiga hesabu ya ovataimu, ukomunisti hakuna aliyeutaja.

Mzee Kenyatta akaikataa. Sababu iliyotolewa ni kuwa silaha zile zilikuwa kuukuu, zimekwisha kutumika, na hazilifai jeshi la kisasa. Meli ikaondoka na mzigo wake. Mimi sababu hiyo naiona kama baba anayekataa posa kwa kusema kanzu ya bwana harusi haikupigwa pasi.

Kwani Mrusi alijileta? Mwaka uliotangulia, Jaramogi Odinga na Joseph Murumbi, mawaziri wa Kenyatta, walikwenda Moscow na Peking kwa jina la serikali, wakarudi na ahadi za misaada. Na Odinga hakuanza hapo. Tangu enzi za mkoloni alikuwa akiwapeleka vijana Mashariki kusoma, wengine wakipitia Sudan mpaka Cairo kwa sababu pasipoti wamenyimwa. Upande wa pili Tom Mboya alikuwa na ndege zake za Marekani. Ya kwanza iliondoka Septemba 1959 na wanafunzi 81. Wote wawili ni KANU, chama kilichotawala, na wote wawili ni watu wa Ziwa, sijui kwa nini hilo hulisahau kila mtu. Kila mmoja ana rafiki yake wa nje, na kila mmoja anamtumia rafiki huyo kumsukuma mwenzake ukutani. Fahali hapo ni nani?

Februari 24 mwaka huo huo wa 1965, Pio Gama Pinto alipigwa risasi Nairobi, mbele ya lango la nyumba yake, hata miaka 38 hajaifikisha. Alikuwa mkono wa kulia wa Odinga. Basi meli ilipotia nanga Aprili, iliikuta nyumba imekwisha kufungwa milango. Chuo cha Lumumba, kilichofunguliwa Desemba 1964 kwa msaada wa Wasovieti ili kiwafunze makada wa chama, hakikumaliza mwaka. Machi 1966, mkutanoni Limuru, wakakikata vipande vinane cheo cha Odinga cha umakamu wa rais wa chama, na mwezi uliofuata akajiuzulu umakamu wa rais wa nchi pia.

Na huyo aliyebaki sebuleni alikuwa nani? Mwingereza. Januari 1964 askari wetu walipoasi kambi ya Lanet, walioitwa kuwazima ni wanajeshi wa Kiingereza, wiki sita tu zimepita tangu tuishushe bendera yao. Fedha za kuwanunulia wenyewe mashamba yaliyokuwa ya walowezi nazo zilitoka Uingereza, nyingi kwa mkopo, yaani tulikopeshwa ili tununue kilichochukuliwa kwetu. Mtu wa deni kama hilo huwezi kumkaribisha Mrusi na vifaa vyake vya vita ukatazamia mkopeshaji akae kimya. Kwa midomo tulikuwa hatufungamani na upande wowote. Mwaka 1965 serikali ilitoa waraka mzito wa Ujamaa wa Kiafrika, wenye kusema hatutafuata ubepari wala ukomunisti. Baba ana nakala ya gazeti la siku zile. Mchwa wamekula ubepari wote.

Sasa ngoja nikwambie meli ya pili, ambayo kwa kweli ndiyo ya kwanza, na hii ni yenu. Mapinduzi yalipotokea Unguja, Januari 12, 1964, Sultani Jamshid alikimbia kwa meli yake, Seyyid Khalifa. Akaelekea wapi? Kwetu. Mombasa. Mwambao huu ulikuwa wa dola yake kwa mkataba hadi Desemba 1963, bendera yake nyekundu ikipepea Ngome ya Yesu miaka yote hiyo Waingereza wakitutawala kwa kupanga. Oktoba 1963 ndipo Kenyatta na Shamte, waziri mkuu wa Zanzibar, walipowekeana saini kule London, mwambao ukaingia Kenya. Mwezi mmoja tangu Kenya ijitawale, mwenye bendera anakuja na watu wake, na serikali inamkatalia kushuka. Akapita, mpaka Dar es Salaam, na kutoka huko Uingereza. Babu yangu, aliyekuwa akimwombea dua Sultani kila Ijumaa, alikwenda kusimama pwani ya Mama Ngina (wakati huo haikuitwa hivyo) akitazama bahari tu. Hakuona meli yoyote. Alirudi nyumbani akataka maji, akanyamaza siku nzima.

Meli mbili, miezi kumi na mitano baina yao, bandari ile ile. Ndiyo maana nasema kukataa nako ni kuchagua, na aliyechagua alikuwa na jina na ofisi.

Nyinyi huko mlichagua vyenu, na sitaki unitumie barua ya kujisifu. Nakubali Nyerere alionyesha kifua. Bonn, yaani Ujerumani Magharibi, ilipomtaka awafungie mlango Wajerumani wa Mashariki, yeye akawaruhusu wabaki na ubalozi mdogo Dar es Salaam. Bonn ikaondoa msaada wa kijeshi, naye akawaambia wabebe na msaada uliobaki. Hilo ni la 1965 pia. Mwaka ule ulikuwa na mambo! Lakini Wajerumani hao hao waliowajengea majumba ya Kikwajuni, wakasaidia na hayo ya Michenzani unayopanda ngazi zake ukilalamika, ndio waliosaidia kuwafunza watu wa usalama. Marehemu mama yako aliteremsha sauti mpaka mwisho wa maisha yake kila alipotaja bei ya mchele. Hilo lilijengwa pamoja na majumba.

Yangu mimi niliyoyaona kwa macho ni ya miaka ya themanini. Serikali ilikuwa imetia saini na Marekani, 1980, manowari zao zitumie Kilindini. Nilikuwa msichana wa shule. "Meli imefunga!" — neno hilo likitoka Likoni, hufika Makadara kabla ya feri. Mabaharia wakishuka kwa mamia, sare nyeupe pee, wakipigana picha chini ya zile pembe za Moi Avenue, na kinyago kilichokuwa shilingi 40 asubuhi kikawa 200 adhuhuri. Kaka yangu aliwauzia madafu, akalipwa kwa dola moja, akakaa nayo wiki nzima ndani ya msahafu kwa sababu hakujua pa kuibadilishia, wala hakuthubutu kumwambia Mama. Yalikuweko na mabaya, unayajua, na baadhi ya mabinti wa mtaani kwetu waliyalipa peke yao.

Siku moja Baba alinishika mkono tukapita Mbaraki, manowari moja kubwa inaonekana, kijivu. Akaitazama sana. "Hii," akasema, "hakuna aliyeuliza kama ni kuukuu."

Ya leo sina haja ya kuyarefusha, unayasoma. Reli ya Mchina ilifunguliwa 2017, kilomita 472 mpaka Nairobi, kwa mkopo ambao wajukuu zetu watautambua kwa jina. Kituo cha Miritini ni kizuri, sikatai, nimeipanda na nikalala njia nzima. Lakini ilipoamriwa makontena yapande treni, malori yalisimama, na mpwa wangu aliyekuwa akifunga turubai Changamwe sasa anakaanga viazi karai. Namuuliza Mchina kakukosea nini? Anajibu, Mchina hakuniamrisha, shangazi. Mtoto huyo hajasoma hata nusu ya kaka zake.

Umesema bintiyo amepata barua mbili za ufadhili, ya Uchina na ya Marekani, na nyumba nzima imegawanyika. Usinihesabu katika kura. Mwulize tu anachokwenda kusoma, na wapi atafundishwa vizuri zaidi, na kama tikiti ya kurudi imo.

Honi imelia sasa hivi kule Kilindini. Baba, niliyedhani amelala, ameuliza ni ya nani. Nimemwambia sijui, labda ya makontena. Amesema basi niandike hapa chini, asije akasahau: mkija kabla ya Ramadhani piteni njia ya Tanga, mshuke Lungalunga, atamtuma mtu awapokee mpakani, na halua iwe ya Pemba, nyeusi, isiyo na njugu kwa sababu ya meno yake.

Wasalaam,
Somo wako,
Zuhura wa Kibokoni