Barua kwa mwanangu anayekwenda kufundisha Mbamba Bay

Mwanangu,

Salamu zako nimezipata, marahaba. Yale uliyoandika juzi kwenye kundi la ukoo kuhusu Ziwa Nyasa nimeyasoma, na tangu hapo sina raha. Umeandika kwamba nusu ya ziwa ni yetu, Wamalawi wenyewe wanajua, na asiyetaka aje tuonane. Wajomba zako wamekushangilia. Lakini baba, hutakwenda kufundisha wajomba. Utasimama mbele ya watoto wa Mbamba Bay, na wengine wana shangazi walioolewa Nkhata Bay, ng'ambo ya maji yaleyale. Ukitamka darasani maneno yale ya simu, mtoto atakayeumia hatakuambia.

Ajira umeipata kwa jasho lako na najivunia kukuona unaitwa mwalimu. Ndiyo maana nakubana. Mpaka huu usiufundishe kwa kusikia.

Anza na karatasi. Tarehe 1 Julai 1890 Ujerumani na Uingereza walitia saini mkataba mjini Berlin, uleule uliohusu Zanzibar na Heligoland. Kifungu cha kwanza kinasema mpaka wa kusini wa Afrika Mashariki ya Kijerumani ukifika ziwani unafuata ufukwe wa mashariki, wa kaskazini na wa magharibi mpaka ukingo wa kaskazini wa mdomo wa mto Songwe. Umeona? Ufukwe. Maji yote yakabaki upande wa Waingereza. Malawi inasimama hapo, na ni mahali pagumu kuwang'oa. Usimwambie mwanafunzi kwamba hawana hoja.

Sasa soma mkataba huohuo hadi kifungu cha sita. Kinasema mistari iliyochorwa inaweza kurekebishwa kwa makubaliano ya pande mbili kulingana na mahitaji ya mahali. Hapo ndipo hoja yetu inapoanzia, na wengi hawafiki huko kwa sababu wameshakasirika kwenye kifungu cha kwanza. Tena mto Songwe wenyewe, Wajerumani na Waingereza walirudi kuupima na kuuwekea makubaliano mwaka 1901. Walijua kazi ya mwanzo ilichorwa mezani.

Kwa nini basi ziwani hawakurekebisha? Hili lifundishe taratibu, maana ndilo kiini. Baada ya vita vya kwanza Tanganyika ikaingia mikononi mwa Uingereza, ambayo tayari ilikuwa na Nyasaland, yaani Malawi ya leo. Pande zote mbili za maji zikawa na bwana mmoja, na bwana mmoja hawezi kujidai mpaka yeye mwenyewe. Ripoti na ramani zao zikawa hazielewani: baadhi za miaka ya 1920 ziliweka mstari katikati ya ziwa, nyingine za baadaye zikaurudisha ufukweni. Angalia upande wa Msumbiji. Mkataba wa mwaka 1891 nao ulikuwa umewapa Wareno ufukwe tu. Lakini Ureno ilikuwa dola nyingine, ikadai, na tarehe 18 Novemba 1954 Uingereza ikakubali mstari upite katikati, visiwa vya Likoma na Chizumulu vikibaki vya Nyasaland ndani ya maji ya Msumbiji. Ziwa lilelile, ufukwe uleule wa mashariki. Waliokuwa na wa kuwasemea wakapata maji. Mimi naamini mstari wa katikati ndio haki, na sababu yangu kubwa ni hiyo.

Wamalawi watakujibu kwa mwaka 1964, na ujue jibu lao kabla hawajalitoa. Julai ya mwaka ule, Cairo, nchi huru za Afrika zilikubaliana kuheshimu mipaka iliyokuwepo siku ya uhuru. Azimio lile Mwalimu Nyerere alilipigania mwenyewe. Tena mwanzoni mwa miaka ya 1960 serikali yetu ilikuwa imekiri kwamba ziwa halimo ndani ya mipaka ya Tanganyika. Barua ya kutaka mstari wa katikati tuliipeleka Januari 1967. Rais wao, Banda, akakataa, na mwaka 1968 akaanza kudai hata mikoa yetu ya nchi kavu. Haya yote yamo kwenye kumbukumbu. Ukiyaficha, siku mwanafunzi akiyakuta mwenyewe hatakuamini tena hata ukimfundisha mvua inavyotokea.

Na usikimbilie kusema twende mahakamani tukashinde. Mkataba huohuo wa 1890 ulishafika Mahakama ya Kimataifa ya Haki, The Hague, Botswana na Namibia wakigombea kisiwa cha Kasikili. Hukumu ya mwaka 1999 ilianza na maneno ya mkataba, kisha majaji wakapima kina, upana na wingi wa maji kujua mkondo upi ndio mkuu, na kisiwa kikaenda Botswana. Majaji huanza na lililoandikwa. Kwetu limeandikwa neno ufukwe.

Ila uwaulize wanafunzi: ufukwe wa mwaka gani? Kati ya mwaka 1915 na 1935 ziwa lilishuka kiasi kwamba halikutoa maji kwenye mto Shire unaotoka ziwani, halafu likapanda kwa mita kadhaa. Mpaka unaofuata ufukwe unapanda na kushuka na maji, na nyumba iliyokuwa Tanzania inaweza kuamka ziwani. Songwe nao hivyohivyo: kwenye tambarare ya Kyela unajipinda, mafuriko yakija unakata njia mpya, na shamba linabaki ng'ambo bila mwenyewe kusogea. Ndiyo maana nchi zote mbili zina mpango wa pamoja wa bonde lile.

Ubaoni chora ziwa moja, mistari miwili ya vipande, na kila mstari uandikie nani anaudai na kwa karatasi ipi. Kwenye mtihani wachore kama ramani ya Tanzania inavyoonyesha, katikati. Penseli ichongwe: kwenye skeli ya 1:1,000,000 mstari wa milimita moja unafunika kilometa nzima, na hapo kijiji kimeshapotea.

Ya mwaka 2012 yaeleze kwa ufupi. Malawi ilikuwa imetoa leseni ya kutafuta mafuta mwaka 2011, sisi tukataka kazi isimame, wazee wakiongozwa na Joaquim Chissano, rais wa zamani wa Msumbiji, wakaitwa kusuluhisha, na mkataba mpya bado. Siku zile watu waliokuwa wakivuka kuuza samaki na kuzika ndugu ndio waliolala na hofu. Kwa hiyo yale maneno kwenye kundi yafute, baba. Kufuta tu, huhitaji kumwomba mtu msamaha.

Mtumbwini usipande katikati ya mwaka upepo wa mwera unapovuma, hata wenyeji wakikucheka. Lile ziwa lina kina cha takribani mita 700, na kuogelea hukufundishwa.

Chandarua usinunue hapa Kariakoo, utakibeba bure, Songea vipo. Vyeti vyako halisi viache, chukua nakala zilizogongwa muhuri. Koki ya tangi la juu imeanza kuvuja tena na fundi anasema Jumamosi, kwa hiyo kabla hujaondoka mwonyeshe mdogo wako namna ya kufunga maji, maana baba yako goti halimruhusu kupanda. Meza yako nimempa yeye. Zile atlasi mbili za kabatini ni zako, zifunge kwenye nailoni, basi la Songea huwa linapakia mizigo juu. Na ukishafuta, niambie.

Mama yako