Usiruke hata ngoma moja

Beshte yangu,

Natumai joto la Kisumu umelizoea na watoto wanaendelea vizuri shuleni. Huku tuko salama. Mvua ilianza juzi, na unajua vile matatu hupandisha nauli matone ya kwanza yakianguka.

Siku ile kwa simu uliniambia umesikiliza ngoma mbili za Kilio Cha Haki, albamu ya kundi la rap la Ukoo Flani Mau Mau, ukaziona sawa tu, ukaendelea na shughuli zako. Tangu hapo sijatulia, ndiyo maana nakuandikia. Albamu hiyo haionjwi. Ianze mwanzo, uiache iende hadi mwisho.

Mwaka wa 2004, nyumba ya kawaida huku Eastlands, mashariki mwa Nairobi, iligeuzwa studio ya kuirekodi, wakajazana humo wasanii wa mitaani, wengine hata jina lao halijawahi kutajwa redioni. Mimi nikiisikiliza huhisi kile chumba. Mmoja akimaliza mistari yake, anayemfuata hawezi kuleta mchezo, maana wenzake wako pale pale wanamtegea sikio. Anajibu alichosema wa kwanza, anakiongeza, wakati mwingine anakipinga. Sasa wewe ukichomoa ngoma mbili, umesikia jibu bila swali.

Tulipokuwa shule tulikariri vina vya kati na vya mwisho, tukahesabu mizani, tukapata alama zetu. Kazi ya kina niliielewa kwa Kalamashaka, kundi la marapa watatu kutoka mtaa wa Dandora, walio ndani ya ukoo huo. Watatu hao, yaani Kama, Johnny na Oteraw, walishika Kiswahili cha Dandora wakati vijana wengi wa Nairobi waliamini rap ni lazima isikike kama ya Marekani. Sikiliza albamu yao Ni Wakati, ya 2001. Kina hakingoji mwisho wa mstari. Kinaingia katikati, kinavuka hadi mstari unaofuata, na pumzi inakatwa hapo hapo neno zito linapotua. Huo ni ushairi kamili, na ningependa sana kuona mwalimu wa fasihi akiuleta darasani.

Halafu kuna Kitu Sewer, rapa mwingine wa ukoo huo. Huyo ndiye ninayemrudia kuliko wote. Mstari wake mmoja unabeba historia, siasa na utani wa mtaani kwa pamoja, na mafumbo yake hayafunguki siku moja. Kuna mistari yake niliyoipenda nikiwa kijana kwa vile tu ilivyolia vizuri, nikaja kuipata maana nilipoanza kulipa kodi ya nyumba. Ngoma alizofanya na G-Wiji, wakijiita Mashifta, zitafute popote zilipo.

Na usisahau walikotoka. Taka za jiji zima zinamwagwa Dandora tangu miaka ya sabini. Watu wengi huukumbuka mtaa ule moshi wa dampo ukizidi au kijana akipigwa risasi. Hawa waliuandika wakiwa ndani yake, wakaweka hasira, njaa na kicheko mahali pamoja, bila kuomba huruma ya mtu. Hilo ndilo linaloniliza kila mara, sikufichi.

Albamu yao nyingine, Dandora Burning, ya 2006, naiweka chini kidogo. Ina ngoma kali, lakini haishikani vile. Rapa Juliani unamjua tayari, na alilelewa na ukoo huo huo.

Sisemi wa sasa hawawezi. Victims of Madness, albamu ya kundi la Wakadinali ya 2020, niliimaliza nikairudia usiku huo huo, na vijana hawa wa huku kwetu Eastlands wanajua kupanga maneno. Nawapenda mno. Lakini hata wao utawasikia vizuri zaidi ukishajua ni nani aliyefyeka njia.

Ombi langu ni moja. Jumapili hii weka simu mbali, vaa zile headphone zako kubwa, usifanye kazi nyingine. Mara ya kwanza sikiliza sauti tu. Mara ya pili shika maneno, na pale usipoelewa Sheng ya Dandora niandikie, nitakueleza ninachojua na nitawauliza wenyeji nisichokijua. Kisha unitajie ni mistari ya nani imekushika. Wangu unamjua, ni Kitu Sewer, na ukinitajia mwingine nitabishana nawe mpaka salio liishe.

Msalimie mama watoto.

Wako wa Umoja