Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Chama cha Viongozi wa Nyumba za Wazee

Ndugu wanachama, salaam kwenu wote. Taarifa hii ilitakiwa isomwe kwenye mkutano mkuu, lakini siku ile tulikuwa watu 19 na akidi yetu ni 29, kwa hiyo kikatiba hakuna mkutano uliofanyika, ndo maana nawaandikia hapa ili kila mtu aisome na asije mtu baadae akasema hakuambiwa.

Nianze na ya kawaida, haraka haraka maana mnayajua. Mikutano ya robo mwaka imeitishwa yote minne. Semina mbili zimefanyika, moja ya kuzuia wazee kuanguka na moja ya kuwahudumia wazee wenye demensia, yaani ule ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na kuchanganyikiwa. Tuliadhimisha 15 Juni, siku ya kupinga ukatili dhidi ya wazee, na 1 Oktoba, siku ya wazee duniani, picha mlishaziona. Fomu mpya ya kumpokea mzee anayehamia ilishatumwa. Nyumba 3 zimejiunga na 2 zimefungwa, sasa tuko nyumba 58. Hesabu za mhazini zimeambatanishwa, zisomeni kwa nafasi yenu.

Sasa nije kwenye lile ambalo limenipigisha simu mwaka mzima, zamu ya usiku.

Kwa wale ambao hawakufuatilia, mwezi Februari kamati ilikaa ikaamua kwamba kuanzia Machi kila kiongozi wa nyumba, awe mkurugenzi awe meneja, afanye zamu moja ya usiku kila mwezi kwenye nyumba yake mwenyewe, aanze wanapoanza wahudumu na atoke asubuhi wanapokabidhiana. Na asiyefanya hata moja kwa mwaka asipewe cheti cha uanachama hai. Kamati ni watu 7, watano tulikubali, wawili walikataa, na waliokataa majina yao yako kwenye muhtasari kwa hiyo sijaficha kitu. Kuna waliosema nimeburuza watu. Katiba yetu inaipa kamati mamlaka ya kuamua mambo ya viwango kati ya mkutano na mkutano, na mkutano wa kwanza wa mwaka uliokuwa na watu 41 niliuliza wazi kama kuna mwenye pingamizi, watu mkanyamaza, halafu usiku ndo mkaanza kunitumia meseji moja moja. Ningefurahi mngesema palepale.

Niwaeleze hili wazo lilitoka wapi maana sikuliokota njiani. Mwaka juzi nilirudi kwenye nyumba ninayoiongoza usiku kuchukua nyaraka nilizosahau ofisini, ilikuwa kama saa tisa hivi. Kengele ya chumba cha mwisho wa korido inalia. Nikadhani itajibiwa, nikaendelea na mambo yangu, inalia tu. Nikatazama saa, dakika 14 zimepita. Mhudumu wa upande ule alikuwa peke yake bafuni na mzee mwingine ambaye asingeweza kumwacha hata dakika moja, angeanguka. Nikaenda mimi. Nikamkuta bibi amelowesha kitanda, ameshashuka, amesimama na soksi juu ya sakafu yenye maji, anavuta shuka kwa mkono mmoja na mwingine ameshika ukingo wa kitanda, hataki mtu ajue. Nikamkalisha, nikaenda kutafuta shuka kavu, stoo imefungwa. Ufunguo uko wapi, uko na msimamizi wa mchana, yuko kwake amelala. Na aliyeagiza ile stoo ifungwe jioni ni mimi mwenyewe, kwa sababu mwaka ule shuka zilikuwa zinapotea. Nilitoa amri nikiwa mezani na hesabu za shuka mbele yangu, sikuwaza kwamba kuna mtu saa tisa usiku atahitaji shuka. Yule bibi alikaa kwenye kiti amefunikwa koti langu mpaka mhudumu alipopata taulo mbili za kutandika.

Wenzangu, miaka mitano nilikuwa nasaini ripoti za kila mwezi zinasema kengele zinajibiwa kwa wakati. Hakuna aliyenidanganya, walioandika zile ripoti ni watu wa mchana na mchana zinajibiwa kweli.

Ndo maana hoja ya kwamba kiongozi kazi yake ni mikakati na bajeti na sio kulinda usiku mimi siikubali, nimeisikia nimeipima na bado siikubali. Mkakati utautoaje kama hujui ufunguo uko wapi? Nusu ya maisha ya mzee kwenye nyumba zetu ni usiku, na usiku ndo wahudumu wachache, msimamizi hayupo, familia hazipo, mkaguzi hayupo. Mzee mwenye demensia giza likiingia ndo anachanganyikiwa zaidi, anatembea, anatafuta mlango.

Hoja ya pili ni nzito zaidi na nataka niijibu vizuri, kwamba wahudumu wataona tunawapeleleza. Ni kweli, mwanzo waliona hivyo. Usiku wangu wa kwanza rasmi hakuna aliyeongea na mimi, kila nikiingia mahali watu wanaanza kufuta meza ambayo ni safi. Kwa hiyo nikaweka masharti ambayo baadae kamati iliyapitisha kwa nyumba zote. Moja, ukiwa zamu ya usiku huandiki kosa la mfanyakazi yeyote, isipokuwa mzee ameumizwa au yuko hatarini. Pili, swali lako ni moja tu, nini kinakuzuia kufanya kazi yako vizuri? Tatu, katika yale utakayoambiwa lazima utatue angalau moja ndani ya siku 7, na ulirudishe kwao uwaambie limetatuliwa. Hii ya tatu ndo imewafungua watu midomo. Mimi waliniambia taa ya korido imeungua wiki tatu, waliniambia glovu za saizi ndogo zinaisha kila tarehe ishirini, na kuna aliyeniambia baada ya mwezi wa nne hivi kwamba wazee wanaamshwa saa kumi na moja alfajiri waogeshwe kwa sababu zamu ya asubuhi ikiwakuta hawajaoga inalalamika kwa msimamizi. Saa kumi na moja! Mtu ana miaka 86, kafanya kazi maisha yake yote, anaamshwa gizani apelekwe bafuni akiwa na baridi ili daftari la makabidhiano lipendeze. Tuliondoa hiyo, sasa kila mzee ameulizwa anataka kuoga saa ngapi na imeandikwa, wengine wanaoga jioni.

Na haya ya kumuuliza mzee sio starehe. Mwaka 1976 watafiti wawili wa Marekani, Ellen Langer na Judith Rodin, walifanya jaribio kwenye nyumba moja ya wazee, kundi moja wakaambiwa maamuzi madogo madogo ya maisha yenu ni yenu, na kila mmoja akachagua mmea wa kuutunza mwenyewe, kundi la pili wakapewa mmea pia lakini wakaambiwa wahudumu ndo watautunza na ndo watashughulikia kila kitu. Baada ya wiki tatu kundi la kwanza walikuwa wachangamfu zaidi na wenye furaha zaidi. Mmea tu jamani. Sasa fikirieni saa ya kuamka.

Kuna mmoja aliandika kwenye grupu kwamba natumia zamu za usiku kujijengea jina. Simjibu yeye, najibu jambo lenyewe. Shirika la Afya Duniani linasema kwenye nyumba za wazee wafanyakazi wawili kati ya watatu wamekiri wenyewe kwamba katika mwaka mmoja waliwahi kumtendea mzee ukatili wa aina fulani. Sio kwamba wawili kati ya watatu ni watu wabaya, nakataa. Mtu yuko peke yake na wazee wengi kuliko uwezo wake, amechoka, zamu ya pili mfululizo, hakuna wa kumpokea hata apumue, hapo ndo sauti inapanda na mkono unavuta kwa nguvu. Chanzo kikubwa kiko kwenye rota, yaani ratiba ya zamu, na rota anaipanga nani? Mimi na wewe.

Ndo nakuja kwenye uamuzi wa pili ambao nao mmenilaumu, safari ya Uholanzi. Kweli tulipanga kwenda Weesp kuona Hogeweyk, kile kijiji cha wazee wenye demensia kilichofunguliwa 2009, wanakaa vikundi vidogo kwenye nyumba za kawaida, wanatoka nje, wanaenda dukani. Mimi mwenyewe nilitaka sana kukiona na nimesoma habari zake kuliko wengi wenu. Lakini pesa ingetosha watu 6 tu. Kamati ikaona bora robo tatu ya fungu la mafunzo liende kwa wasimamizi wa zamu, wale wa kati, ambao tukiwapandisha cheo tunawapa funguo na lawama bila kuwafundisha kitu. Tumefundisha 73. Jinsi ya kupanga rota ili mhudumu yuleyule awe na wazee walewale, jinsi ya kumsikiliza aliyekosea kabla ya kumwandikia barua, jinsi ya kukabidhiana zamu kitandani kwa mzee badala ya mlangoni.

Hilo la mhudumu yuleyule na wazee walewale ningependa mlichukue hata kama mtaacha mengine yote. Mzee mwenye demensia hakumbuki jina lako lakini sauti yako na mkono wako anaujua, anatulia. Na mhudumu anayemgeuza mzee mmoja kila siku ndo ataona kisigino kimeanza wekundu leo ambao jana haukuwepo, na kidonda cha kulalia kinaanza na wekundu huohuo. Ukimzungusha mhudumu kila wiki ukasema ni usawa, hakuna anayeona. Pia anaona mzee ameacha kula, amepunguza maneno. Kwenye nyumba yangu wahudumu ni 22, mwaka juzi waliacha kazi 9, mwaka huu 4. Sijaongeza mshahara, bodi ilinikatalia. Nimebadilisha rota, nimewafundisha wasimamizi na nakesha nao mara moja kwa mwezi. Naomba hili litambuliwe.

Kwa nyumba zote 58 hali ya zamu ni hivi: 11 wamefanya kila mwezi tangu Machi, 23 wamefanya mara moja au zaidi, 24 hawajafanya hata moja. Hao 24 hawatapata cheti na msinipigie simu. Wawili kati yenu mmetuma wahasibu wakakeshe kwa niaba, haikubaliki, mhasibu hana mamlaka ya kubadilisha kitu asubuhi.

Mahudhurio, niseme tu yameniumiza. Mkutano wa kwanza 41, wa pili 27, wa tatu 22, mkutano mkuu 19. Nimebadilisha siku, nimebadilisha saa, nimeweka Zoom kwa walio mbali, mtu anaingia anazima kamera na ukimuuliza swali hayupo. Nakuja na ajenda nimeiandaa wiki mbili na katibu, nakaa nasubiri dakika 50 akidi itimie, haitimii, tunaongea kama familia halafu maamuzi hayana nguvu. Halafu haohao ambao hawakuja ndo wa kwanza kuuliza nani kaamua.

Ada nayo, 21 wamelipa yote, 14 wamelipa nusu, 23 hawajalipa kabisa, na kati ya hao 23 wapo wanaobandika nembo ya chama mlangoni na familia zinawaamini kwa sababu ya ile nembo. Semina ya pili nilitanguliza pesa yangu mwenyewe ya ukumbi, mhazini ni shahidi, imerudishwa nusu. Sijasema ili nisifiwe, nasema kwa sababu kuna maneno kwamba pesa za chama zinaliwa. Vitabu viko wazi, njooni mkague.

Mwakani tunatarajia, Mungu akipenda, kuendelea na mafunzo ya wasimamizi, kuangalia uwezekano wa fomu moja ya kuhesabu wazee wanaoanguka ili tulinganishe na tujifunze, na kama ada zikiingia vizuri basi safari tutaizungumza tena. Ifikapo 2030 mtu mmoja kati ya kila sita duniani atakuwa na miaka 60 au zaidi, watakaokuja kwetu ni wengi na wahudumu hatujui tutawatoa wapi, kwa hiyo tulionao tuwashike vizuri.

Wenye pingamizi kuhusu zamu ya usiku andikeni barua kwa katibu, itasomwa kwenye mkutano ujao mbele ya wote na itapigiwa kura, nitakubali matokeo yoyote. Lakini mje mpige hiyo kura, 29 tu wanatosha.

Rota ya Januari katibu ataiweka kwenye grupu wiki hii, jazeni wenyewe tarehe zenu. Mimi nimeshajaza, Ijumaa ya pili.

Wenu,
Mwenyekiti