Bahari iko mlangoni, hotelini tunauziwa sato

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua nitoe dukuduku langu, maana limenikaa kooni toka mwezi wa saba na kila nikiingia hotelini linanirudia upya. Mi ni fundi wa mafriji na AC, nakaa hapa Mtwara mjini, Chuno, na kazi zangu ni huku huku kusini, Mtwara, Mikindani, Lindi mjini, siku nyingine naitwa mpaka Masasi. Na ni mtu ninayependa kula, hilo sifichi, nikifika mji wowote kabla sijauliza friji lenyewe liko wapi nishauliza wanaopika vizuri wako mtaa gani.

Sasa mwezi wa saba alikuja shemeji yangu, mume wa dada, mtu wa Mwanza. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuvuka Daraja la Mkapa kuja huku, siku mbili barabarani. Basi liliposimama Somanga akanipigia simu amefurahi kwelikweli, anasema shemeji hapa nimeletewa samaki wa kukaanga mpaka dirishani, bado wa moto, huko kwenu nitakula nini zaidi ya hapa? Nikamwambia we njoo tu, hapo bado uko uani, ndani hujaingia.

Kesho yake jioni nikampeleka hoteli moja nzuri tu, jina nalihifadhi, wana bustani, taa za rangi, wahudumu wamevaa sare. Tukaletewa menyu. Chipsi kuku, chipsi mayai, wali kuku, wali nyama, baga, pizza, ugali samaki. Shemeji hata hakufikiria mara mbili, akasema mi ugali samaki. Nikamuuliza dada aliyekuwa anatuhudumia, samaki gani leo? Akasema sato, yule samaki wa ziwani.

Sahani ikaja, sato mzima kakaangwa mkia umejikunja, na kachumbari pembeni. Shemeji akamwangalia yule samaki muda mrefu, halafu akaniambia taratibu, "Shemeji, huyu mbona nimemwacha nyumbani." Akala akamaliza, maana ni mtu mwenye adabu, ila mi chakula hakikupita kabisa. Pale tulipokaa mawimbi yalikuwa yanasikika.

Mhariri, na huyo sato sikumwona siku ile kwa mara ya kwanza. Friza za hoteli nyingi za huku ndo mimi nazifungua zikiharibika, naona kilichomo kabla mteja hajaona menyu. Katoni za sato, katoni za kuku wa kisasa, mifuko ya chipsi zilizokwishakatwa zimegandishwa. Nimeshatoa vitu friza nzima nikavipanga sakafuni ili nifikie kompresa, nisikute hata changu mmoja, wala kolekole, wala kipande cha nguru, na hapo kutoka hotelini mpaka soko la samaki la Feri ni mwendo wa bodaboda wa dakika chache.

Nimewauliza wenyewe, tena bila ugomvi. Mmoja akaniambia fundi, sato anakuja saizi moja bei moja, nikipiga simu leo kesho mzigo upo, lakini wale wa Feri leo wapo kesho hawapo, upepo wa kusi ukivuma wiki nzima mashua hazitoki, mi mteja nitamwambia nini? Na ana hoja, siwezi kumkatalia, mwezi wa saba ndo kusi yenyewe imechachamaa na hata nyumbani samaki anakuwa wa shida. Lakini hilo jambo wazee wetu walishalimaliza zamani. Kaskazi ikiwapo na bahari imetulia samaki wanakuwa wengi, wanapasuliwa, wanatiwa chumvi, wanaanikwa, ndo ng'onda hao, na papa anakaushwa mpaka anakuwa kama ubao, kusi ikija unamloweka, unamchambua, unamwunga kwa nazi. Hakuna msimu watu wa pwani hii walikaa bila kitoweo cha bahari eti kwa sababu ya upepo.

Na pweza je? Wanaokwenda na mti miambani wanampata zaidi bamvua, maji yakipwa sana, siku zingine anapungua. Sawa. Sasa hapa naongea kama fundi na naomba wenye hoteli wanisikilize: pweza ni mmoja wa vitu vichache vya baharini ambavyo friza inavisaidia. Wote tunajua pweza mbichi mgumu, inabidi apigwe kwa gongo au atiwe papai bichi ndo alainike, lakini akigandishwa nyuzi 18 chini ya sifuri ile barafu inakatakata nyuzi za nyama yake, ukimyeyusha na kumchemsha analainika mwenyewe. Kwa hiyo bamvua nunua, osha, gandisha, una pweza mpaka bamvua ijayo. Friza hizo hizo za sato!

Lindi ndo nimeumia zaidi. Kuna hoteli nilienda kutengeneza AC, ukikaa nje unaiona ghuba yote mpaka Kitunda ng'ambo, menyu yao chipsi na kuku, na ng'ambo tu ya barabara kuna kijana ana sufuria juu ya jiko la mkaa, pweza anachemka, supu imekuwa rangi ya zambarau. Anamtoa mkono mmoja mmoja, anaukata kwenye kibao vipande vidogo, anakuchomea kijiti, pilipili na ndimu viko kwenye kopo, supu kwenye kikombe. Nilisimama pale na wateja wa hoteli ile ile, wametoka ndani kuja kula wamesimama barabarani kisha wakarudi kunywa soda zao. Wateja hawataki wapi, ikiwa wanavuka barabara gizani kumfuata?

Nirudi kwa shemeji. Ile aibu ya sato sikuweza kuiacha ilale, nikampigia mama mkubwa Mikindani nikamwambia Jumapili naleta mgeni, naomba atupikie ugali wa makopa, yaani muhogo mkavu, papa wa nazi na kisamvu cha korosho. Mama mkubwa akanyamaza kidogo halafu akasema, "Mwanangu, mgeni wa watu katoka Mwanza unataka nimlishe makopa? Utatuaibisha. Ngoja nichinje kuku, nipike wali." Nilimbembeleza sana. Na hapo ndo nikaelewa kwamba ugonjwa haupo hotelini peke yake, umeshaingia mpaka majikoni kwetu. Watu wa kusini tumechekwa miaka na miaka kwa tunachokula, muhogo chakula cha njaa, ming'oko, ile mizizi ya kuchimba, chakula cha porini, tumechekwa mpaka tumeanza kuvificha vyakula vyetu mgeni akibisha hodi.

Basi tukaenda. Korosho alikuwa nazo za msimu uliopita, zimekaushwa vizuri, zimebanguliwa pale pale nyumbani. Watu wa mbali hawaijui hiyo kazi, ganda la korosho lina utomvu unaochubua ngozi, unazikaanga kwanza kwenye bati nje ya nyumba, moto unalipuka, moshi mzito, halafu unagonga moja moja na unatafuta namna ya kuitoa isivunjike, ukimaliza vidole vimeungua vimekuwa vyeusi. Kisamvu kilishatwangwa na kiko jikoni toka asubuhi kinachemka mpaka kikakaribia kukauka maji. Akatwanga korosho kwenye kinu mpaka zikawa uji mzito, akazichanganya na maji, akamimina mle kwenye kisamvu, na kutoka hapo mwiko haukutulia, maana tui la korosho halina subira, linaganda haraka na linashika chini, ukigeuka kumjibu mtu limeungua. Linavyoiva linakuwa zito lina harufu tamu kidogo, si ya nazi, si ya karanga, harufu yake peke yake.

Shemeji alikula. Akaongeza. Akauliza hii nyeupe ni siagi? Akaambiwa korosho. Akasema miaka yote anajua korosho ni ya kutafuna kwenye pakiti, hakujua inapikwa. Mama mkubwa alikuwa amekaa kwenye mkeka anamwangalia mgeni anavyomega ule ugali wa makopa unaovutika, anachovya kwenye mchuzi wa papa, na uso wake ulibadilika kabisa, akaanza kumweleza mwenyewe bila kuulizwa muhogo unavyomenywa, unavyoanikwa mpaka kuwa makopa, unavyotwangwa. Aliongea mpaka tukachelewa kuondoka.

Na hapa niseme hili la korosho kwa uchungu. Mkoa wetu ndo unaongoza kwa korosho Tanzania nzima, kila Oktoba mpaka Desemba mji unajaa, wanunuzi, madereva wa malori, watu wa maghala, watu wa benki, wote hao wanakula mara tatu kwa siku. Korosho yenyewe nyingi inapakiwa melini haijabanguliwa, inaenda India na Vietnam. Viwanda vya kubangulia vilijengwa miaka ya 1970, vingi vikafungwa, vingine vikageuka maghala, na hayo ni mambo makubwa ya serikali na wawekezaji, mi fundi friji siyawezi. Lakini sufuria moja ya kisamvu cha korosho kwenye hoteli moja haihitaji mwekezaji, inahitaji kilo moja ya korosho na mtu wa kukoroga. Mnunuzi anakaa hapa msimu mzima ananunua korosho tani kwa tani, anaondoka hajawahi kuionja ndani ya mchuzi.

Mabibo ndo usiseme. Kila korosho inayookotwa ilikuwa imeshikamana na bibo lake, tunda lenye vitamini C kuliko chungwa, na mengi yanaozea pale pale chini ya mti. Uraka wenyewe wanaujua, mi pombe sinywi. Lakini juisi ya mabibo ikikamuliwa asubuhi, ikachujwa vizuri na kuwekwa kwenye friji isichachuke, ukali wake ule wa ulimi unapungua na ni kinywaji kizuri sana. Watafiti wa kilimo wa TARI pale Naliendele wameshafundisha watu kutengeneza juisi, jemu na mvinyo wa mabibo, hotelini bado tunaletewa juisi ya boksi.

Siku shemeji anaondoka tulikuwa stendi alfajiri, kuna mama kakaa na beseni la ming'oko ya kuchemsha, kaipanga mafungu, na chumvi ya pilipili kaifunga kwenye vikaratasi. Nikamnunulia mafungu matatu. Nikamwonyesha namna ya kuimenya kwa kidole, lile ganda jembamba linatoka lenyewe, ndani nyeupe, unachovya kwenye chumvi. Mama akacheka, akamwambia, "Mjomba, hii hailimwi, tunaifuata porini na jembe." Shemeji akaomba aongezewe fungu la kupeleka nyumbani kwa dada. Dada alinipigia usiku wa kesho yake, kalia, anasema hajaila toka aolewe.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo. Wenye hoteli na migahawa ya Mtwara na Lindi, sisemi mtoe chipsi, watoto wangu wenyewe wanazipenda. Nasema wekeni hata kitu kimoja cha huku kila siku, mkiandike kwa jina lake kwenye kibao pale mlangoni, leo pweza wa nazi, leo kisamvu cha korosho, leo papa na ugali wa makopa, leo mbaazi. Na kama mpishi wenu katoka mbali hajui, mama lishe wa mtaani anajua, muiteni siku mbili awafundishe na mumlipe kama mnavyonilipa mimi nikija kutengeneza friza.

Na mama zetu ambao tayari mnapika vitu hivi na hatuwajui, naomba mwandike kupitia gazeti hili mtaje mtaa gani na siku gani. Shemeji anarudi mwezi wa kumi na mbili, safari hii na dada na watoto wanne, na nimemwahidi hatutakula sahani moja mara mbili.

Mpenda chakula,
Chuno, Mtwara