Risala ya Wakamuaji wa Mawese na Wafugaji wa Kondoo, Mwandiga, kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya ya Kigoma, Mgeni Rasmi, Afisa Mifugo, Mwenyekiti wa Kijiji, ndugu wanakikundi na wageni wote, tunawasalimu na kuwakaribisha.

Mheshimiwa, sisi tunakamua mawese. Mbegu za michikichi tunazipasua tupate mise, yaani viini vyake, na mise zikishakamuliwa hubaki mashudu. Mashudu hayo yana protini kama asilimia 14 hadi 18. Majani makavu ya Agosti mara nyingi hayafiki asilimia 7, ndiyo maana kondoo hukonda kiangazi huku tumbo limejaa. Tunayo pia maganda ya mihogo, yanayotupwa nyumba hadi nyumba wakati wa kutengeneza udaga, yaani mihogo mikavu ya unga. Yakiwa mabichi yana sumu ya sianidi, hivyo tunayaanika juani mpaka yakauke ndipo yaingie zizini.

Tunaomba utuvumilie kwenye jambo moja, maana hapa ndipo mifugo inapotuponyoka. Mashudu ya mise yana madini ya shaba. Ng'ombe na mbuzi huyahimili. Kondoo hawezi kuyatoa mwilini upesi. Shaba hujikusanya kwenye ini kwa wiki nyingi, hata miezi, na mnyama anaonekana mzima. Ini likizidiwa, shaba humwagika kwenye damu: macho huwa manjano, mkojo huwa mwekundu mweusi, na ndani ya siku chache kondoo amekufa. Mwenye zizi hudhani ni ugonjwa wa kupe. Kwa hiyo mashudu hatuyazidishi theluthi moja ya chakula; kinachobaki ni majani, pumba za mahindi na maganda makavu. Madini ya kulamba yaliyotengenezwa kwa ng'ombe au nguruwe hatuwapi kondoo kabisa.

Mheshimiwa, tangu Serikali ilipoanza mwaka 2018 kulisukuma zao la michikichi mkoani kwetu, tunasikia zaidi habari za miche na mafuta kuliko za mashudu. Kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, TARI Kihinga, kipo hapa hapa Kigoma. Tunaomba ofisi yako ituunganishe na wataalamu ili mashudu ya mashine zetu yapimwe shaba, kwani kiwango chake hakifanani, na wafugaji wapewe vipimo vya kuchanganya vinavyomfaa kondoo. Tunaomba pia banda la kuhifadhia. Mashudu yakinyeshewa huota ukungu, na ukungu huleta sumukuvu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.