Meli Iliyojivika Matawi

Kwako ndugu Rashidi,

Salaam nyingi. Natumaini hujambo na wote nyumbani hawajambo.

Nilipokusimulia habari za Abraham Crijnssen, ile meli ya Kiholanzi iliyojifanya kisiwa, ulisema hizo ni ngano za mabaharia. Si ngano, ndugu yangu. Ilikuwa Machi 1942, Wajapani wanaitwaa Java, kisiwa cha Indonesia kilichokuwa koloni la Waholanzi, na meli za Kiholanzi zilizosalia zimeamriwa zikimbilie Australia. Crijnssen ilikuwa katika bandari ya Surabaya, huko huko Java: meli ya kusafisha mabomu ya baharini, ya mita 56, mabaharia 45, mwendo wake haufiki kilomita 30 kwa saa. Ndege zikiiona, imekwisha. Basi wakakata matawi pwani, wakaifunika, na palipobaki wazi wakapapaka rangi ya mwamba. Mchana inatia nanga karibu na ufuo, haijongei hata kidogo, maana kisiwa kinachotembea nani hatakishuku? Usiku ukiingia inakwenda. Siku kadhaa hivyo, mpaka mwezi huo huo wa Machi ikafika Australia.

Dada zake watatu, yaani meli za muundo mmoja nayo, waliokuwa maji yale yale hawakupona. Jan van Amstel alizamishwa na manowari ya Kijapani; Pieter de Bitter na Eland Dubois walizamishwa na mabaharia wao wenyewe, wasiangukie mikononi mwa adui. Hapo ndipo moyo wangu unaposhikwa kila nikiwakumbuka.

Tena watu huishia kwenye matawi, wakaisahau kazi iliyoundiwa. Meli kama hiyo huburuta waya mrefu wenye vikato, waya ukakata mnyororo unaolishikilia bomu chini, bomu likaibuka, likapigwa risasi kwa mbali. Lakini kufika kwenye bomu, meli yenyewe lazima itangulie. Nawaheshimu mno watu wa kazi hiyo. Wanapita wao kwanza ili wengine wapite salama.

Baada ya hapo ilitumikia jeshi la majini la Australia tangu Septemba 1942, ikisindikiza misafara, ikarudishwa kwa Waholanzi Mei 1943. Vita vilipokwisha ikalinda doria Indonesia wakati wenyeji wanapigania uhuru wao. Sehemu hiyo ya maisha yake siipendi, lakini siwezi kukuficha. Mwaka 1956 ikageuzwa kuhudumia vizuizi vya kufungia milango ya bandari, kisha ikapewa vijana wanaojifunza ubaharia. Nadhani hao ndio walioiokoa na mashine za kukata vyuma. Leo iko kwenye jumba la makumbusho la jeshi la majini, mjini Den Helder, Uholanzi, imerudishiwa sura yake ya vita.

Ndani ya bahasha nimekutilia picha yake ya 1942, imejaa matawi. Itazame kwanza kwa mbali, kisha uniandikie kama ungejua kuwa ni meli.

Wako akupendaye,
Hamisi